Mwanafunzi wa Bwana Ukungu

Mimi ni mtu wa kushuku na sioni haya kulisema. Mteja akinisifia bila sababu, najiuliza ana shida gani. Ukinirudishia mwavuli niliokuazima, naufungua kwanza nione kama vyuma vyote vipo. Mume wangu, ambaye hupeleka kabichi na karoti Dar es Salaam kwa lori, anasema hata ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba mimi huuliza unaficha nini. Analisema kwa utani, nami huwa najiuliza kwa nini amelisema siku hiyo.

Kwa hiyo mwalimu wangu alipoingiza mwanafunzi kwenye katuni yake na kumwacha bila uso, mtu wa kwanza kushtuka Lushoto nzima nilikuwa mimi.

Mwalimu wangu ni mzee wa mabango. Saluni nyingi za mji huu, maduka ya pembejeo na ubavu wa mabasi yanayoteremka Soni, maandishi yake ni kazi ya mkono wake. Lakini watu wanamheshimu zaidi kwa ajili ya Bwana Ukungu, shujaa aliyeanza kumchora tangu mimi sijaolewa. Ukungu ukifika mahali, na yeye yuko pale. Anamtoa mtoto korongoni Malindi, ile ya huku kwetu milimani, na kabla watu hawajamaliza kumshukuru ameshafika upande wa pili wa mlima kuzima moto wa msitu. Ila ukungu hauteremki mpaka Magoma, kule chini kwenye joto, na Magoma ndiko alikooa. Akifika kwake anakuwa mtu tu mwenye gunia la viazi begani. Mkewe hamjui kama shujaa. Anamjua kama mwanamume anayechelewa.

Hapo ndipo ulipo uhondo wa katuni ile. Vijana wanaisoma kwa ajili ya moto na makorongo, sisi watu wazima tunaisoma kwa ajili ya Magoma. Wapagazi wa stendi wanamwita mgosi, yaani mwanamume wa kwetu hasa, na kila toleo jipya likitoka wanabishana kama safari hii atawahi chakula.

Nina duka la steshenari karibu na stendi. Mashine yangu ndiyo inayotoa nakala za Bwana Ukungu, stepla yangu ndiyo inayozibana, na picha za kurasa hutoka kwangu kwenda kwenye simu za watu mpaka Tanga mjini. Zaidi ya hapo, mimi ndiye ninayechora milima. Mwalimu alichora watu, nami nikachora kila kilichokuwa nyuma yao: matuta ya mboga, mikaratusi, mapaa ya bati, na ukungu wenyewe. Ukungu hauchorwi, unaachwa. Unakata karatasi kwa umbo la bonde, unafunika sehemu unayotaka ibaki nyeupe, kisha unachovya mswaki mkuukuu kwenye wino na kuupitishia kidole, matone madogo yanaruka pembezoni. Ukiinua karatasi, ukungu upo. Alinifundisha yeye, na siku hizi yeye mwenyewe mswaki hagusi.

Nilipelekwa kwake na baba nilipomaliza shule ya msingi. Mwalimu alisoma chuo cha Kurani utotoni, na desturi ya kule aliihamishia kwenye kibanda chake cha rangi: hampokei mtoto aliyejileta. Lazima mzazi aje naye, tena na jogoo, aushike mkono wa mtoto, auweke mkononi mwa fundi, aseme, "Nyama yako, mifupa yangu." Maana yake fundi atamfunza atakavyo, amkaripie, amchoshe, ila asimvunje. Baba yangu alikuwa Mlutheri wa kupuliza tarumbeta kanisani, lakini alipofika pale alifuata desturi ya pale. Aliyasema maneno yale kwa sauti ya woga kidogo, na mimi sikuelewa mtu mzima anaogopa nini. Tangu siku hiyo, mpaka mwalimu aliposema nimehitimu, nyumbani hakuna aliyeuliza kwa nini nimerudi na rangi kichwani.

Sasa mwalimu amezeeka. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka kidogo kidogo, mpaka kikombe kikawa kinaimba kwenye kisosi. Niliona, nikanyamaza, na moyoni nikaanza kungoja. Nisifiche: nilimtaka Bwana Ukungu. Niliona ni haki yangu. Nani mwingine alikuwa amekaa na mzee yule miaka yote hiyo, akiacha duka na watoto na chungu jikoni ili milima ya katuni iwe na ukungu wa kutosha?

Ndipo likaja toleo lile. Bwana Ukungu amechoka. Amekaa kwenye jiwe, magoti yanamuuma, anamwambia mtu aliyesimama mbele yake kwamba ukungu unataka miguu mipya. Mtu huyo ana sweta, ana viatu vya mvua, mikono ameikunja nyuma kama mtoto aliyeitwa ofisini. Uso hana. Mahali pa uso ni karatasi tupu.

Nilimuuliza mwalimu kama nipige ukungu pale. Akasema hapana, ukurasa wote ubaki hivyo. Nikamuuliza mtu mwenyewe ni nani.

"Bado hajaletwa," alisema.

Jibu hilo lilininyima raha. Hajaletwa kutoka wapi? Siku hizo kulikuwa na kijana wa Dar es Salaam aliyekuja kutembeza watalii kule Irente, mwenye kompyuta ya kuchorea kwa kidole na maneno mengi, na nilikuwa nimeshamwona akitoka kibandani kwa mwalimu huku anacheka. Mtu anayetoka kwa mzee mgonjwa akicheka, mimi simwamini. Baadaye nilisikia alikuwa anaomba ruhusa ya kumtia Bwana Ukungu kwenye fulana za watalii, na ruhusa hakupewa. Hata hivyo mpaka leo simwamini.

Dukani wateja nao walikuwa wanaugombea uso ule. Muuza matunda ya mapeasi alisema ni wa mwanawe. Dereva mmoja wa bodaboda aliniomba nimfikishie mwalimu picha yake, ameipiga akiwa amevaa miwani ya jua. Lisemwalo lipo, nikajisemea, na kama halipo laja. Nikaanza kuzichunguza kurasa kabla ya kuzitoa nakala.

Kwanza niliona mistari. Mtu ambaye kikombe kinamshinda alikuwa amechora nyusi za Bwana Ukungu kwa mstari mmoja mwembamba, bila kusita. Nikaziinua karatasi kwenye mwanga wa mlangoni. Chini ya wino kulikuwa na penseli za aina mbili: moja ya kutetemeka, iliyokuwa inaelekeza tu, na juu yake nyingine imara. Kulikuwa na mkono mwingine humo ndani, na haukuwa wangu.

Halafu nikaiona sahani.

Ilikuwa kwenye ukurasa wa Magoma. Bwana Ukungu amechelewa tena, mke na watoto wamelala, chakula chake kimeachwa mezani. Sahani imefunikwa kwa sahani, na juu ya ile ya juu pana jiwe. Jiwe la mtoni, la mviringo, lenye mkanda mweupe katikati. Nilikaa kwenye stuli nikiwa nimeishika karatasi ile, mteja ananiita simsikii. Jiwe lile ni la jikoni kwangu. Tuna paka anayejua kufunua vyombo, kwa hiyo nikichelewa kibandani kwa mwalimu, chakula changu huwekewa jiwe. Na mwalimu hajawahi kuingia jikoni kwangu. Kwa heshima aliyonayo, hata sebuleni hukaa kwa kubembelezwa.

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mume wangu. Nilimpigia simu akiwa Segera na mzigo, nikamuuliza amewasimulia watu nini kuhusu jiko letu. Akaniuliza kama nimekula. Sikulipenda swali hilo. Nikahamia kwa jirani anayekuja kuomba chumvi, nikakumbuka kwamba kuchora hata kuku hawezi, nikamwacha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu shule, ila mtu mwenye kazi ya kukagua nguo za wenzake haziangalii za kwake. Jumamosi moja mwalimu wa kwaya alinisimamisha sokoni, tukasalimiana, akaniuliza binti yangu anaendeleaje na kifua. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tatu. Kila Jumamosi mchana anaaga anakwenda kwaya. Nilijibu kwamba anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu, nikamwacha yule mama aende zake. Kisha nikarudi kufunga duka.

Sikukimbia. Nilipita njia ya nyuma, ya kwenye mikaratusi, ili nisionekane. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Njiani niliwaza yote ambayo mama anaweza kuwaza: mvulana, pikipiki, mimba, na yule kijana wa kompyuta. Kibandani taa ilikuwa inawaka. Nilichungulia dirishani kabla ya kupiga hodi, maana ndivyo nilivyo.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Mwalimu alikuwa kando yake, mikono ameifungia ndani ya shuka, anaelekeza kwa kidevu. Binti alikuwa anachora goti la Bwana Ukungu, na ulimi ulikuwa umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya zamani akijifunza kufunga kamba za viatu. Nilisimama pale nje napigwa na baridi, na kilichoanza kunishika hakikuwa hasira. Kilikuwa wivu. Goti lilikuwa zuri.

Hasira ilifuata. Niliingia, nikatoa shikamoo, maana shikamoo haingoji hasira iishe. Mwalimu akaitikia. Binti akasimama na kalamu mkononi, naye akaniamkia. Nikamuuliza mwalimu tangu lini anaiba watoto wa watu.

Hakukasirika. Alimwambia binti aniletee ukurasa wenye yule mwanafunzi. "Kila anapokuja namwambia, mlete mama yako," alisema. "Hajakuleta. Kwa hiyo huyu si mwanafunzi wangu, ni mtoto wa watu anayenisaidia kushika kalamu. Tazama, hata uso sijampa. Siwezi kumpa uso mtoto ambaye mama yake hajanikabidhi."

Basi uso ule ulikuwa wa nyumbani kwangu. Nilimgeukia binti, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alitazama chini, akajibu taratibu, "Ungeuliza nani kanituma."

Mwalimu alikohoa, na nadhani alikuwa anameza kicheko. Na kweli, ndilo swali lililokuwa mdomoni mwangu.

Nikamwambia binti atangulie nyumbani. Alipokwisha kutoka, nikauliza jambo ambalo, kumbe, ndilo lililokuwa limenileta.

"Na mimi je, mwalimu?"

"Wewe kwa milima umenipita zamani," alisema. "Mimi ukungu siuwezi tena, ukungu wote ni wako. Lakini watu unaowachora wanatazama pembeni, mwanangu. Wote. Hata yule mtoto mchanga kwenye bango la zahanati anamtazama muuguzi kama amemwibia nepi. Milima unaiweza kwa sababu haina cha kushukiwa."

Niliumia. Bango lile nalijua, nililichora mimi, na kila nikilipita nilikuwa nasema moyoni kwamba lilinitoka vizuri. Alikuwa amechukua nyama na kuiacha mifupa, kama walivyokubaliana na baba yangu, ila siku hiyo sikuiona tofauti. Niliaga kwa mkato, nikabeba chupa yangu ya wino, nikaondoka.

Tangu siku hiyo sikwenda kibandani. Binti naye hakwenda kwaya wala kibandani, alikaa na vitabu vyake vya shule na kunijibu kwa adabu iliyozidi kiasi. Mwalimu hakutuma mtu. Jambo lote lilikuwa mikononi mwangu. Nisipompeleka binti, uso hauchorwi, na Bwana Ukungu atabaki amekaa kwenye jiwe mpaka mwalimu afe. Nikimpeleka, nitakuwa nimempa mtoto wangu kile nilichokingoja mimi, tena kwa kinywa changu mwenyewe. Na bado nilishuku. Nilishuku mzee anatafuta mkono wa bure. Nilishuku binti atafeli mtihani wa mwaka ujao. Nilishuku kwamba akishampata Bwana Ukungu nitakuwa mimi wa kukaa nyumbani namngoja, kama mke wa Magoma.

Wateja walikuwa wanauliza uso unatoka lini. Niliwajibu mashine ni mbovu.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, hapakuwa na mtu stendi. Nikachukua karatasi nzuri, nikaurudisha mlango nusu, nikamchora Bwana Ukungu mwenyewe. Nilikuwa najua kila mkunjo wa koti lake. Nilipomaliza niliisogeza karatasi mbali nimtazame. Alikuwa anatazama pembeni. Nikamchora mwingine. Naye alikuwa kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake. Nikamchora mkewe wa Magoma akimpokea mlangoni, na yule mwanamke, badala ya kumpokea gunia, alikuwa anamkagua mifuko ya koti. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikazichana zote na kufuta meza.

Nilichelewa kufika nyumbani. Sahani yangu ilikuwa mezani, jiwe juu. Nililiinua jiwe nikaligeuza. Kwenye katuni ule mkanda mweupe ulikuwa umekaa upande wake hasa, na pembeni kulikuwa na ufa mdogo ambao mimi mwenye jiko sikuwahi kuuona. Nikautafuta kwenye jiwe, nikaukuta. Mtu hulijua jiwe hivyo kwa kukaa nalo mezani muda mrefu akimngoja mwenye sahani. Ukurasa wa Magoma binti yangu aliuweza kwa sababu nyumba yetu ndiyo Magoma aliyokulia.

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Alisema yule jogoo mwekundu atafaa. Nikamuuliza na yeye alijua tangu lini, akatoka kwenda kukagua tairi za lori.

Tulikwenda Jumamosi, mimi na binti, jogoo kwapani. Mwalimu alikuwa amevaa kanzu na koti, kama siku ile ya baba yangu. Nina hakika kuna mtu alimdokeza, na mtu huyo ana lori. Nilimpa jogoo, akamfunga mguuni mwa meza. Nikaushika mkono wa binti. Kwenye kucha kulikuwa na weusi wa wino wa kuchorea, nao nilikuwa nimeambiwa ni kalamu ya shule. Nikauweka mkononi mwa mwalimu. Mkono wa mwalimu ulitetemeka mpaka wa binti ukawa unatetemeka nao, ikabidi niishike yote miwili kwa mikono yangu itulie.

Yakabaki maneno. Nilikuwa nayajua, niliwahi kuyasikia yakisemwa juu ya kichwa changu, lakini anayesemewa hajui uzito wake. Sasa nilijua baba aliogopa nini.

"Nyama yako," nilisema. "Mifupa yangu."

"Nimepokea," alisema mwalimu, nami nikaiachia mikono yao.

Hapakuwa na sherehe. Alimwonyesha binti kiti, kile kiti changu, na ukurasa uleule wenye mahali patupu. Hakumwambia amchore nani. Mimi nilisimama nyuma yake, ingawa ningekuwa mimi ndiye mwalimu ningemkataza mtu kusimama pale. Binti alianza na kidevu akapanda juu. Nilidhani atajichora mwenyewe, ndivyo ambavyo ningefanya mimi. Lakini kidevu hakikuwa chake. Paji la uso halikuwa lake. Alipofika kwenye macho aliyachora makali, yanatazama pembeni, yanamkagua Bwana Ukungu kuanzia kofia hadi viatu. Yalikuwa macho ya msichana aliyeletwa mahali na baba yake na haamini hata neno moja analoambiwa.

Mwalimu aliinama akatazama, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alisema ndivyo nilivyomtazama siku ile, na kwamba alijua palepale huyu hatadanganywa na mtu.

Mimi sikucheka. Nikamuuliza binti, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, nani kamtuma anichore mimi.

"Wewe, mama," alisema bila kuinua kalamu. "Umenikabidhi sasa hivi."

Nikavuta stuli, nikakaa upande wa pili wa meza, nikatafuta mswaki wangu. Ukurasa ulikuwa bado hauna ukungu.